Yamaha XS650 ya 1978: usukani unatetemeka baada ya kubadilishiwa shokapu na springi za mbele

Mlima Baridi, Moshi

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu na pikipiki za zamani zilizofanyiwa mabadiliko, kwa sababu nimefika mahali ambapo kila fundi ninayemwuliza ananipa jibu lake, na kila jibu linadai fedha.

Nina Yamaha XS650 ya mwaka 1978, ile yenye injini ya silinda mbili, ambayo marehemu mjomba alirudi nayo kutoka Uingereza. Ilikaa chini ya turubai miaka mingi, na nilipoirithi niliamua kuitengeneza kwa mtindo niupendao: kiti kifupi cha mtu mmoja, tangi lake la asili, madigadi yaliyofupishwa na usukani wa chini. Injini haina tatizo lolote, inawaka kwa kiki ya pili hata asubuhi za baridi za huku kwetu. Shida yangu ni jinsi inavyotembea.

Ili ikae kwa mwinamo wa mbele kama nilivyoiona pichani, gereji moja ilirefusha shokapu za nyuma kwa kuchomelea kipande cha chuma kwenye sikio la chini la kila moja, hata urefu wake kutoka tundu hadi tundu ukapanda kutoka milimita 325 hadi 365. Kwa upande wa mbele, walikata mizunguko mitatu ya kila springi, kisha wakalegeza vibano vinavyoishikilia foki, yaani ile miguu miwili inayobeba gurudumu la mbele, na kuyapandisha mabomba yake milimita 20 juu ya kibano cha juu. Mafuta ya foki yalimwagwa, na badala yake wakaweka mafuta ya injini namba 40, wakieleza kwamba uzito wa mafuta ndio utakaozuia foki kuzama.

Ikiwa imeegeshwa inapendeza, sitasema uongo. Ila nikifika kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Arusha, usukani unaanza kutetemeka kwa midundo midogo ya haraka, na nikilegeza mikono mtetemeko unaongezeka hadi nipunguze mwendo. Kwenye matuta ya vijijini, foki inafika mwisho na kugonga chuma kwa chuma. Kisha, jambo ninaloshindwa kabisa kulielewa, kwenye vishimo vidogo vyenye kingo kali foki hiyohiyo inakuwa ngumu kana kwamba haina springi. Inawezekanaje kitu kimoja kiwe laini kupita kiasi na kigumu kupita kiasi kwa wakati mmoja?

Nimepata foki za kisasa zilizogeuzwa juu chini, kutoka pikipiki ya michezo iliyopata ajali, pamoja na gurudumu lake la inchi 17 na diski mbili za breki. Muuzaji hanilazimishi, lakini hatanisubiri milele. Je, nizinunue, au niendelee kuzihangaikia hizi za mjomba?

Fundi wa Kirinyaga Road, Nairobi

Ndugu wa Moshi, kabla ya kuzungumzia foki ninakuomba uzivue hizo shokapu za nyuma leo, na pikipiki isitoke tena mpaka upate nyingine. Shokapu ikichomelewa, joto huingia ndani, likaunguza sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje, na kuharibu mafuta. Na kama ni ya aina iliyojazwa gesi, hata kuisogezea moto ni kuhatarisha macho ya fundi. Hata kama weldi ile imeshika vizuri, sikio la shokapu linapokea mapigo maelfu kwa maelfu katika kila safari, na weldi ya namna hiyo hukatika bila kutoa taarifa. Ikikatika upande mmoja ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80, mkono wa gurudumu la nyuma utapinda, na hutakuwa na muda wa kufikiri.

Sasa nije kwenye mtetemeko. Chora mstari unaopita katikati ya shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, uushushe hadi ardhini. Utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Umbali kati ya sehemu hizo mbili nitauita mkokoto, kwa sababu gurudumu linakokotwa nyuma ya mstari huo kama magurudumu madogo ya kitoroli cha dukani, na ndiyo maana hujinyoosha lenyewe kila linaposukumwa pembeni. Mkokoto ukiwa mrefu, pikipiki inakuwa tulivu lakini nzito kugeuza. Ukipungua, usukani unakuwa mwepesi, na mwishowe unakuwa mwepesi kuliko unavyotaka.

Nimefanya hesabu kwa vipimo vyako na vile ninavyovijua vya pikipiki hii. Tairi la mbele la 3.50-19 lina nusu kipenyo cha karibu milimita 330. Foki za asili zimelala kwa nyuzi 27 hivi kutoka wima, na zimesogezwa mbele ya mstari wa shingo kwa takribani milimita 50. Hapo mkokoto ni milimita 112. Umeinua nyuma milimita 40 kwenye shokapu, ambazo zikifika kwenye ekseli ni kama 44, kwa kuwa shokapu imefungwa mbele kidogo ya ekseli. Mbele umeshusha 20 kwa vibano, na springi zilizokatwa bila kujaziwa chochote zimeshusha nyingine kama 25. Ukijumlisha juu ya urefu wa milimita 1,435 kati ya ekseli na ekseli, pikipiki nzima imeinama mbele kwa zaidi ya nyuzi tatu. Foki sasa zimelala nyuzi 23 na nusu hivi, na mkokoto wako umebaki karibu 90. Umepoteza moja ya tano ya utulivu wa pikipiki kwa ajili ya picha.

Hilo peke yake linaweza lisilete mtetemeko ikiwa kila kitu kingine kimekaza. Lakini pikipiki ya miaka yake ina mambo mawili ya kuchunguzwa. Ipandishe hadi gurudumu la mbele lielee, shika miguu ya foki chini, uivute na kuisukuma. Ukisikia mgongano mdogo shingoni, beringi zimelegea. Kisha geuza usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia: ukihisi kama unaingia kwenye kijishimo ukifika katikati, gololi zimekwisha kuchimba njia zake, na kukaza hakutasaidia. Wengi tunazitoa gololi hizo na kuweka beringi za roli zilizochongoka. Baada ya hapo shika gurudumu la nyuma ulisukume kwa upande. XS650 ilitoka kiwandani na bushi za plastiki kwenye swingamu, yaani ule mkono wa gurudumu la nyuma, na sijapata kukutana na moja ya umri huo ambayo bushi zake bado ni nzima. Mkereza mzuri atakutengenezea za shaba nyeusi kwa siku moja.

Usinunue foki nyingine mpaka mambo haya yamalizike, kwa sababu utazifunga kwenye shingo iliyolegea na ugonjwa utabaki palepale.

Kiti Kimoja, Mombasa

Ninaheshimu maelezo ya mzee wa Nairobi, lakini naona tunamrudisha mwenzetu nyuma miaka arobaini. Foki za 1978 zina mabomba ya milimita 35 ambayo hujipinda ukibana breki kwa nguvu, na breki ya mbele ya zamani haitoshi kwa pikipiki yenye uzito unaozidi kilo 200. Foki zilizogeuzwa zina bomba nene juu, zina marekebisho ya springi na ya mafuta kwa bisibisi tu, na zinakuja na breki za maana. Mimi nimefunga za namna hiyo kwenye Honda ya miaka ya sabini na sijutii.

Tena tusisahau kwamba XS650 haikuwa pikipiki ya kwenda sokoni tu. Kenny Roberts, mwendeshaji wa mashindano wa Yamaha, alitwaa ubingwa wa taifa wa pikipiki wa Marekani mwaka 1973 na 1974, na kwenye njia za udongo alikuwa akikimbiza injini ya ukoo huuhuu. Ni pikipiki inayostahili vifaa bora.

Mkereza, Gerezani, Dar es Salaam

Kaka wa Mombasa, injini ya Roberts ndiyo iliyotoka kwenye ukoo huu, lakini fremu iliyobeba injini ile ilijengwa kwa ajili ya mashindano, pamoja na shingo yake, vibano vyake na shokapu zake. Mwenzetu ana fremu ya barabarani.

Nimekereza mihimili ya shingo, yaani fimbo ya chuma inayozunguka ndani ya shingo ya fremu, kwa ajili ya kuhamisha foki za kisasa mara kadhaa, kwa hiyo niseme gharama ambayo muuzaji hataitaja. Vibano vya foki hizo ni vya aluminiamu na mhimili wake hauingii kwenye shingo ya XS650. Inabidi mhimili wa zamani utolewe kwa presi, ukerezwe, upigwe presi kwenye kibano kipya na ufungwe kwa pini. Asikuambie mtu auchomelee. Gurudumu la inchi 17 lina nusu kipenyo cha milimita 300 tu, na vibano vya kisasa vinaisogeza foki mbele milimita 30 hivi badala ya 50. Kama mlalo wa foki ukibaki nyuzi 27, mkokoto utapanda hadi karibu 119 na pikipiki itakuwa nzito kugeuza. Lakini mlalo hautabaki hapo, kwa sababu foki za michezo ni fupi na mbele itazama zaidi ya ilivyozama sasa. Utarudi kulekule kwenye kuinama. Halafu kuna kebo ya kipima mwendo isiyo na pa kufungia, na vizuizi vya usukani ambavyo visipojengwa upya, foki itapiga tangi la mjomba ubavuni siku ya kwanza utakapogeuza kwenye maegesho. Kazi hiyo inawezekana, na matokeo yakifanywa kwa hesabu ni mazuri. Ila si dawa ya ugonjwa huu.

Nirudi kwenye springi, maana hapo ndipo gereji yako ilipoanza vizuri ikaishia vibaya. Watu hudhani ukikata springi inakuwa laini. Inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu waya uliobaki wa kujikunja ni mfupi. Springi za namna hii huwa na mizunguko kama 48. Ukikata mitatu, ugumu unaongezeka kwa asilimia 6 au 7 tu, lakini urefu unapungua milimita 30, na kwa kuwa hawakuweka kitu cha kujazia pengo hilo, springi sasa inalegea kabisa foki inaponyooka. Umebakiwa na foki inayokaa karibu na mwisho wake hata kabla hujafika kwenye tuta.

Kabla ya kutumia shilingi moja, pima. Funga kamba ndogo ya plastiki, ya kubania waya, kwenye bomba la foki juu ya sili. Mwambie mtu ainue mbele mpaka gurudumu lielee, isukume kamba mpaka iguse sili, kisha mshushe pikipiki taratibu na ukae juu yake na mavazi yako yote ya safari huku mwenzako akiishika wima. Shuka polepole, mwinue tena mbele, upime kamba imesogea kiasi gani. Hicho ndicho kiwango cha kubonyea. Foki yako ina mwendo wa milimita 150 hivi, na kwa barabara zetu unataka ibonyee kati ya asilimia 30 na 35, yaani milimita 45 hadi 52. Ninabashiri utapata zaidi ya 100.

Njia bora ni kununua springi mpya ngumu kiasi. Ikiwa huna mtu wa kukuletea kutoka nje, ipo njia ya pili, na nitaieleza kwa tahadhari. Endelea kukata, lakini safari hii jaza pengo. Ukipunguza mizunguko kutoka 48 ya awali hadi 32, ugumu unaongezeka kwa nusu kamili. Sehemu iliyokatwa inafidiwa na bomba fupi la aluminiamu nitakalokukerezea, lenye washa nene ya chuma kati yake na springi, na urefu wake unachaguliwa ili kifuniko kikifungwa kiibane springi kwa milimita 20 hadi 22 foki ikiwa imenyooka.

Tahadhari ni hii. Pima unene wa waya na umbali kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Tuseme waya ni milimita 4.2 na umbali ni 10: kila mzunguko una nafasi ya 5.8 kabla haujagusana na mwenzake. Mizunguko 32 inaweza kukunjwa milimita 185. Foki inahitaji 150 za mwendo na 22 za mbano wa awali, jumla 172, kwa hiyo una salama ya milimita 13. Ukipata tamaa ukafika mizunguko 30, nafasi yako ni 174 dhidi ya 172, na siku ya tuta kubwa springi itageuka bomba la chuma. Kama mizunguko ya upande mmoja imebanana kuliko ya upande mwingine, kata upande uliobanana. Tumia grenda, upoze kwa maji kila baada ya sekunde chache, na usisogeze gesi ya kukatia karibu, kwa kuwa waya ukigeuka rangi ya bluu umeshapoteza ukakamavu wake.

Mpemba wa Muscat

Assalaam alaykum. Wenzangu wamemaliza habari ya mlalo na springi. Mimi nijibu lile swali la foki kuwa laini na ngumu kwa pamoja, maana ni swali zuri na jibu lake limo ndani ya mafuta.

Ndani ya kila mguu wa foki hizi kuna mrija wenye matundu. Foki inapobonyea, mafuta yanasukumwa kupitia matundu makubwa ya chini. Inaporudi, yanapita kwenye matundu madogo ya juu, nayo ndiyo yanayoizuia springi isirudi kwa pupa na kukurusha. Ni ufundi rahisi usioharibika ovyo, ila una ila yake: upinzani wa tundu huongezeka kwa mraba wa kasi. Kasi ya kubonyea ikiongezeka mara mbili, upinzani unaongezeka mara nne. Ukibana breki au ukipanda tuta polepole, mafuta yanapita bila shida na foki inazama. Ukigonga ukingo mkali wa shimo, mafuta hayawahi kupita, yanakwama, na pigo lote linafika kwenye viganja vyako.

Sasa ukichukua mafuta ya injini namba 40, ambayo ni mazito zaidi ya mara tatu kuliko mafuta ya foki ya 10W, umeikuza kasoro hiyo bila kuongeza chochote cha kuishikilia pikipiki, kwa sababu mafuta hayabebi uzito. Springi ndiyo inayobeba. Yamwage, osha ndani kwa mafuta ya taa, uache yakauke. Anza na 15W ya foki. Mimi huku kwenye joto ndiyo ninayoitumia, na huko Moshi hata 10W itakufaa. Namba hizi hazifanani sana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo ukipata ya aina moja iliyokufaa baki nayo.

Usipime kwa ujazo pekee. Ondoa springi, bonyeza foki mpaka mwisho, mimina mafuta, ipandishe na kuishusha mara kumi ili hewa itoke, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi uso wa mafuta. Anza na milimita 150. Hewa iliyobaki juu ya mafuta nayo hufanya kazi ya springi, na hukaza zaidi kadiri foki inavyokaribia mwisho. Kama bado inagonga mwisho, ongeza mafuta mpaka pengo liwe 140, lakini usiendelee kupandisha bila kikomo, kwani sili zitaanza kuvuja. Bomba la sindano la duka la dawa, lenye mpira mwembamba uliokatwa kwa kipimo, linafyonza ziada vizuri kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Kuna vali ndogo zinazouzwa kwa foki za aina hii, ambazo hukaa juu ya ule mrija zikiwa zimeshikiliwa na springi yenyewe, na hufunguka zenyewe pigo linapokuwa kali. Mimi ninazo na ninazipenda. Lakini ili zifanye kazi lazima matundu ya chini ya mrija yapanuliwe hadi milimita 8 na mengine yaongezwe, matundu ya juu yasiguswe, na lile bomba la kujazia lipunguzwe kwa kimo cha vali. Mrija uliotobolewa haurudi. Kwa hiyo weka springi na mafuta sawa kwanza, utembee mwezi mmoja, ndipo uamue.

Mlima Baridi, Moshi

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na vipimo badala ya shukrani tupu.

Shokapu zilivuliwa siku ileile. Nilipoisugua rangi kwa brashi ya waya, upande wa kulia kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele uliozunguka karibu nusu ya weldi. Nimeiweka shokapu ile kwenye rafu ya karakana yangu mahali ninapoiona kila siku. Nimenunua jozi nyingine nzima, yenye urefu wa milimita 335, ambayo ni 10 tu zaidi ya zile za asili.

Kamba ya plastiki ilionyesha milimita 104 kati ya 150. Mkereza alibashiri vizuri. Shingo ilikuwa na kile kijishimo cha katikati, na zile gololi zilipomwagika kwenye sahani baadhi zilikuwa na madoa ya kutu. Nimeweka beringi za roli. Bushi za swingamu zilitoka zikiwa vipande, na gurudumu la nyuma lilikuwa likicheza kiasi cha kuonekana kwa macho. Niliziagiza za shaba nyeusi kutoka Gerezani pamoja na mabomba mawili ya kujazia foki, vikaja kwa basi vikiwa vimefungwa kwenye gazeti.

Springi zangu zilikuwa na vipimo vinavyokaribiana sana na ule mfano, waya 4.2 na umbali wa 10 kasoro kidogo, kwa hiyo nilisimama kwenye mizunguko 32 na sikuthubutu kuendelea. Mafuta ni 10W, pengo milimita 145. Kamba sasa inasoma 52.

Hapo ndipo jambo ambalo sikulitarajia lilipotokea. Kwa kuwa mbele haizami tena, pikipiki ilisimama juu sana kwa mbele, na nilipoiweka simu yenye kipima pembe kwenye bomba la foki nikiwa nimekaa, ilisoma nyuzi karibu 28. Nilikuwa nimekwisha kuyarudisha mabomba yakawa sawa na kibano cha juu, nikidhani ninatubu dhambi zote kwa mkupuo. Nimeyapandisha tena milimita 20 zilezile za gereji, na simu ikasoma 27. Nilishusha timazi kutoka kwenye ekseli na kunyoosha rula ndefu sambamba na shingo hadi sakafuni, nikapata mkokoto wa milimita 111 au 112.

Nimekwenda Arusha na kurudi. Kwenye kilomita 80 nililegeza mikono kwa uangalifu, na usukani ulikaa kimya. Nikaenda hadi 100 pale panaporuhusu, bado kimya. Matuta ninayapita bila kugonga. Vishimo vyenye kingo kali bado ninavisikia, ila vimekuwa vya kuvumilika. Muuzaji wa foki za kisasa amepata mteja mwingine.

Fundi wa Kirinyaga Road, Nairobi

Kazi nzuri, kijana. Nina maswali mawili tu kabla hujaipeleka safari ndefu. La kwanza, kwa kuwa umeyapandisha mabomba milimita 20, je, umehakikisha kwamba foki ikifika mwisho kabisa, digadi la mbele haligusi kibano cha chini? Huwezi kuliona hilo springi zikiwa ndani. Zitoe, shusha pikipiki juu ya jeki mpaka foki ifike mwisho, uangalie kwa tochi, na usukani uugeuze pande zote mbili.

La pili, mkazo wa cheni uliupima wapi? Kwa shokapu zilizoongezwa urefu, cheni hulegea na kukaza kwa kiasi kikubwa zaidi swingamu inapopanda na kushuka. Fungua bolti za chini za shokapu, inua gurudumu mpaka ekseli, mhimili wa swingamu na sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni) vikae kwenye mstari mmoja, na uikaze cheni hapo, ukiacha mchezo wa milimita 15 hivi. Ukiipima ikiwa imening'inia, siku utakayobeba mizigo itavuta beringi ya sproketi ya mbele.

Mlima Baridi, Moshi

Shikamoo fundi. Nimefanya yote mawili leo asubuhi. Foki ikiwa mwisho, kati ya digadi na kibano palibaki milimita 6 tu, na kichwa cha bolti moja ya digadi kilikuwa karibu zaidi ya hapo. Nimeteremsha mabomba hadi milimita 12 juu ya kibano, nikageuza bolti ile ili kichwa kikae chini, na sasa nina milimita 14. Mkokoto umesogea hadi 114. Cheni ilikuwa imekaza kuliko nilivyodhani: kwenye ule mstari mmoja haikuwa na mchezo hata kidogo. Nimeilegeza hadi 15.